Fundi Takyiwaa, Ini Lake, na Jua la Chupa

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Mlioko jikoni punguzeni moto kidogo, mlioko shambani kaeni hapo kwenye tuta. Mimi ni Nana Afrakoma, na saa hii ni ya wale waliotutoka. Leo tunamkumbuka Ama Takyiwaa, fundi cherehani. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Amefariki kwa ugonjwa wa ini.

Narudia, kwa sababu karatasi za msiba zilizobandikwa mjini hazisemi hivyo. Zinasema amefariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Nilisimama mbele ya moja, pale kwenye ukuta wa kituo cha magari, nikaisoma mara tatu. Mate yalinijaa mdomoni kama nimeuma karanga iliyooza. Takyiwaa aliugua ini miaka tisa. Miaka minane alimeza dawa, na alikuwa mzima wa kufanya kazi kuliko wengi wetu. Mwaka wa tisa aliacha. Huo wa tisa ndio tumemzika.

Mnivumilie leo. Mmezoea nikiongea taratibu, na nitajitahidi kuongea taratibu. Lakini nina kinyaa, na sitakificha.

Tuanze na Takyiwaa mwenyewe. Wengi wenu mmevaa mkono wake bila kujua. Kontena lake la bluu liko nyuma ya soko la viazi vikuu, mlango umeangalia duka la chumvi. Ndani kulikuwa na cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, na kioo kirefu chenye ufa kwenye kona. Sare za shule tatu za hapa mjini zilitoka pale. Alikuwa anaacha pindo nene chini ya gauni la mtoto, vidole vinne, ili mzazi afumue mwaka unaofuata na tena mwaka wa baada yake. Mafundi wengine walimwambia anajiharibia biashara. Alisema mtoto hawezi kuombwa asirefuke kwa sababu ya biashara ya mtu.

Alikuwa mcheshi, tena na pini mdomoni. Anapima, anacheka, pini haidondoki. Siku moja alikuja mzee mmoja wa kanisa aliyezidi kunenepa, akataka suruali kwa vipimo vya zamani. Takyiwaa akamzungusha utepe kiunoni, akasoma, akamwambia, "Kaka yangu, hili tumbo limehama tangu Krismasi. Nikupime upya, au nikushonee gunia la kakao?" Mzee alicheka mpaka akashika mlango.

Kitu kimoja mkumbuke, kwa sababu nitakihitaji. Takyiwaa alikuwa mtu wa ndani. Anaingia kwenye kontena asubuhi na mapema, anatoka jioni. Chakula analetewa. Aliamini jua linapausha vitambaa na linapausha watu. Akivuka sokoni, anajifunika khanga kichwani mpaka mabegani.

Sasa ini. Miaka tisa iliyopita, mdogo wake, Adwoa Fofie, alikuwa anajifungua na akaishiwa damu. Takyiwaa akakimbia hospitali kumtolea. Damu yake ikakataliwa. Wakamwambia ana homa ya ini aina ya B, ile inayokaa mwilini miaka na miaka bila kupiga kelele. Huenda alizaliwa nayo. Hakuna aliyekosa. Wakampa kidonge, kimoja kila siku, asiache. Naye hakuacha. Kila asubuhi, akimaliza uji wake, alifungua bati la vifungo, lililokuwa la biskuti, na humo ndani, katikati ya vifungo, alitoa kidonge na kumeza. Miaka minane. Narudia, miaka minane.

Mwaka jana, msimu wa mvua, mifupa ikaanza kumuuma. Mapaja yakawa mazito. Akitaka kusimama kutoka kitini, anashika cherehani kwanza. Akaenda kliniki ya ini. Pale yupo muuguzi mmoja kutoka kaskazini, Madam Salamatu, mwanamke mrefu, mpole, asiyependa kurudia maneno lakini anarudia. Akampima na kumwambia vitamini D yake imeshuka sana.

Takyiwaa akauliza vitamini D ni kitu gani. Madam Salamatu akatazama utepe wa kupimia shingoni mwa mgonjwa wake, akapata namna ya kumweleza. Jua likipiga ngozi, alisema, ngozi inatoa kitambaa. Kitambaa hicho kinaenda kwenye ini. Ini ndilo mkataji. Likishakata, vipande vinaenda kwenye figo, na figo ndiyo inashona. Hapo ndipo unapata vazi la kuvisha mifupa. Sasa wewe, kwanza hukai juani, kwa hiyo kitambaa ni kidogo. Pili, mkataji wako ni mgonjwa wa siku nyingi, mkono wake ni mzito. Ndiyo maana watu wengi wenye ugonjwa wa ini wa muda mrefu hupungukiwa vitamini hii, na mifupa yao hulalamika.

Akampa vidonge vidogo vya vitamini, laini, vya manjano. Akamwambia akae juani kila asubuhi, mikono wazi. Kisha akamshika mkono, akasema, "Hivi ni vya mifupa. Haviui kirusi cha ini. Vile vya zamani usiache hata siku moja." Takyiwaa akaitika. Nyarkoa, binti yake, anayefundisha shule kule Sunyani, alikuwa amekaa hapo hapo pembeni. Ndiye aliyenisimulia maneno haya, neno kwa neno.

Basi Takyiwaa akaanza kuweka kiti nje ya kontena kila asubuhi, khanga mabegani badala ya kichwani. Watu wakamtania. Muuza chumvi akamuuliza kama ameanikwa akauke. Naye kila anayepita anamjibu, "Ini langu lina njaa ya jua." Alikuwa anacheka. Hakujua maneno hayo yataokotwa na nani.

Yaliokotwa na Bediako.

Mnamjua. Dokta Bediako, mwenye gari jeupe lenye spika mbili juu. Hakuna shule iliyompa udokta, alijipa mwenyewe kama mtu anavyojipakulia supu. Mwaka juzi alikuwa na chupa ya kutibu macho. Kabla ya hapo ilikuwa ya bawasiri. Ni chupa ile ile, mimi nimezishika zote, kifuniko chake hakifungi vizuri, na ndani kuna kitu cha rangi ya chungwa, kizito, kinanuka samaki na mawese ya siku nyingi. Wiki mbili tu baada ya Takyiwaa kuanza kukaa juani, chupa ikapata karatasi mpya: Jua la Ini.

Akasema, na alisemea hapa, kwenye redio hii, baada ya habari za mchana, kwamba wataalamu wamegundua siri. Wagonjwa wa ini hawana vitamini D. Kwa hiyo, akasema, ukijaza vitamini D, ini limepona, na vidonge vya hospitali ni vya kuwafunga watu maisha.

Wasikilizaji wapendwa, sikilizeni vizuri jinsi alivyoligeuza. Muuguzi alisema ini likiugua siku nyingi, vitamini inapungua. Huyu akachukua ukweli huo huo, akauvaa nyuma mbele, akauuza. Sijasoma mbali, niliishia darasa la sita, na ninaliona. Madam Salamatu ameniambia wataalamu bado wanachunguza kama vitamini hii inaweza kulisaidia ini lenyewe kwa namna fulani. Lakini hakuna aliyeonyesha kwamba inaua kirusi, wala kwamba mtu aache dawa yake. Hakuna. Narudia, hakuna.

Bediako akaenda kwenye kontena la bluu na katoni ya chupa. Bure. Alichotaka ni ushuhuda.

Takyiwaa akanywa. Na baada ya wiki chache mifupa ikapoa. Akasimama bila kushika cherehani. Nani aliipoza? Vidonge vya manjano vya Madam Salamatu, na kile kiti cha asubuhi. Lakini chupa ndiyo iliyokuwa mezani, na mwenye chupa alikuwa mlangoni akipiga makofi.

Sasa niwaeleze mnaonisikia kutoka mbali, kwa sababu hapa kwetu kila mtu anajua. Kanisani kwao, mtu aliyepona hushuhudia Jumapili ya kwanza ya mwezi. Anavaa nyeupe mpya, anacheza mpaka mbele, kina mama wanampepea vitambaa, jina linaandikwa kwenye kitabu. Tangu hapo ni mzima. Akionekana anameza dawa ya ugonjwa ule ule, amemfanya Mungu mwongo. Itambidi aikunje ile nyeupe na kuirudisha mbele ya kina mama wote, mikono miwili, kichwa wazi. Wanaita kurudisha nyeupe. Takyiwaa ndiye aliyekuwa anawashonea washuhudiaji wote. Aliwahi kumwona mwanamke mmoja akirudisha, ugonjwa wa sukari ulikuwa umemrudia, na alikiri kwangu kwamba siku ile na yeye alicheka.

Akajishonea yake. Vifungo vya lulu, kola ya kusimama. Akashuhudia kanisani. Jumatano yake Bediako akamleta hapa.

Alikaa kiti hiki kilicho mbele yangu. Mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti. Aliongea vizuri, akataja jina la chupa mara mbili kama alivyofundishwa. Nikamuuliza, na vidonge vya hospitali je? Akamtazama Bediako. Bediako akanijibu yeye, "Nana, mtu aliyeshiba anapika tena cha nini?" Na mimi nikacheka. Nikasema amina, nikaweka wimbo.

Kanda ipo. Nimeisikiliza juzi. Nilikwenda chooni nikatapika.

Tangu siku ile Takyiwaa hakumeza. Si kwamba alisahau. Wiki ya tatu alifungua bati la vifungo, na Adwoa Fofie alikuwa amekaa pale anasubiri sketi yake. Mdogo mtu akalichukua bati. Ni yule yule aliyekimbiliwa damu, naye mwenyewe ameniruhusu niyaseme haya. Alimwambia, "Dada, umecheza mbele ya watu mia tatu. Ukimeza hicho, mimi nitapita wapi sokoni?" Vidonge akavitia mfukoni, akaenda navyo. Vifungo akamwachia.

Miezi ikapita. Kwanza alichoka. Kisha chakula kikamchukiza, hata supu ya mawese aliyoipenda. Kisha macho yakawa manjano. Akanunua miwani nyeusi na kuvaa hata ndani ya kontena, anashona kwa kupapasa. Akampigia Bediako simu. Nyarkoa, aliyekuja likizo, alikuwa chumbani na simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu. Bediako akamwambia, "Mama yangu, hayo manjano ni jua linatoka. Ongeza kijiko."

Nipeni nafasi nimeze maji.

Nyarkoa aliondoka siku ile ile, akaenda kliniki, akaeleza, akapewa vidonge. Madam Salamatu alimwambia amlete mama kesho yake bila kukosa, maana ini likiachishwa dawa ghafla huweza kuwaka lote kwa mara moja. Nyarkoa akarudi, akaweka vidonge mezani na kikombe cha maji. Mama mtu akavitazama. Wakabishana mpaka majirani wakasogea dirishani. Binti akamwambia kwamba kina mama wale hawatazikwa badala yake. Mwisho Takyiwaa akakubali, lakini kwa njia yake. Hakutaka kumeza kwa kujificha. Alisema, "Nimedanganya mbele ya watu, nitameza mbele ya watu. Jumapili nitarudisha nyeupe." Ilikuwa Alhamisi. Nyarkoa akamwomba ameze kwanza, aibu ifuate baadaye. Akakataa. Siku tatu tu, alisema, na kliniki ataenda Jumatatu.

Jumapili ikafika. Takyiwaa akavaa gauni la kawaida la kahawia, miguu imevimba, viatu havikuingia akavaa kandambili. Nyeupe ilikuwa imekunjwa mapajani, imepigwa pasi. Nyarkoa alikaa kulia kwake, na vidonge kwenye mkoba.

Ndipo gari jeupe likaingia uani. Bediako alikuwa ameleta wageni kutoka Kumasi, watu kumi na wawili, waje waone. Ukutani, nyuma ya madhabahu, wakafunua bango lenye picha ya Takyiwaa, refu kuliko mlango, anacheka, chupa mkononi. Mchungaji hakusubiri. Akamwita kwa jina, akaomba ashuhudie tena kwa ajili ya wageni. Kina mama wakaanza kuimba. Vitambaa vikapanda juu.

Nyarkoa anasema mama yake alisimama. Akaikunjua ile nyeupe. Akaivaa juu ya gauni la kahawia, vifungo vyote, mpaka cha kola. Akaenda mbele na miwani yake nyeusi, akasema amepona.

Aliporudi kitini aliinama, akamnong'oneza binti yake, "Wamekuja kutoka mbali. Ningefanyaje?"

Jumatatu alipelekwa hospitali amebebwa. Tumbo limejaa maji, maneno yamepotea njia, anaita vitambaa kwa majina ya watu. Madam Salamatu akafungua faili, akamuuliza vidonge aliacha lini. Takyiwaa akasema, polepole sana, "Nilishapona." Walimpa dawa na kupambana kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na moja alitapika damu, akatutoka. Saa tano asubuhi, kiti chake kiko kule juani nje ya kontena, maana hakuna aliyekumbuka kukiingiza.

Mtadhani uchafu uliishia hapo. Haukuishia.

Kwenye msiba, Jumamosi, watu wamevaa nyeusi na nyekundu, Bediako alikuja na vijana waliovaa fulana zenye jina la chupa. Akapewa kipaza sauti, maana sisi ni watu wa heshima, hatumnyimi mtu kipaza sauti. Akasema dada yetu alikuwa shujaa, ila mwishoni imani ilipungua, akapunguza vijiko. Alisema hivyo jeneza likiwa hatua sita kutoka kwake. Wakampa kiti cha mbele. Wakampa fufu na supu, akala, akalamba vidole kimoja kimoja mpaka kidole gumba. Mimi nilikuwa nimekaa ng'ambo. Nilihesabu vidole. Na langoni, wakati tunatoka makaburini, chupa zilikuwa zimepangwa kwenye meza yenye kitambaa cheusi cha msiba. Watu walinunua. Mikono ina udongo wa kaburi bado, wananunua.

Na tumemzika katika ile nyeupe. Familia iliamua. Kola ya kusimama, vifungo vya lulu.

Leo asubuhi nimekuta karatasi kwenye meza hii ya studio. Ni salamu za rambirambi za Dokta Bediako, nizisome katikati ya kumbukumbu hii, na mwishoni mwake kuna namba ya simu ya kuagizia. Sizisomi. Meneja ananiona kupitia kioo, ananionyesha saa. Naiona saa, mwanangu. Nimekuzidi miaka thelathini na saa naijua.

Niwape jambo moja la mwisho kuhusu familia hii. Madam Salamatu aliwaomba watoto na ndugu wote wa tumbo moja wapimwe. Nyarkoa alipimwa. Anayo. Ameniambia niseme, kwa jina lake.

Jumapili iliyopita ilikuwa ibada ya shukrani baada ya mazishi, na ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Nyarkoa akatoka mbele na gauni lake la kufundishia, la kijivu, hakucheza, wala hakuna aliyeimba. Nilikuwepo, mstari wa nne. Akasema, "Mimi ni Nyarkoa wa Takyiwaa. Nina homa ya ini. Sijapona. Mama yangu naye hakupona, na ninyi mliiona ile miwani." Akatoa kidonge. Hakuwa na maji. Akabaki amekishika.

Kisha Adwoa Fofie akainuka katika kiti cha kina mama, akachukua glasi ya maji ya mchungaji iliyokuwa juu ya mimbari, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa. Akampelekea. Nyarkoa akameza. Fofie akabaki amesimama pale pale na glasi mkononi, akamuuliza kwa sauti ambayo nadhani hakukusudia tusikie, "Na mimi wananipima wapi?"

Baada ya ibada niliwaona wanawake wanne wamemzunguka Nyarkoa uani. Mmoja alikuwa yule aliyewahi kurudisha nyeupe.

Kwa Nyarkoa, kwa Adwoa Fofie, kwa ukoo wote wa Takyiwaa, na kwa watoto wa zile shule tatu ambao bado wana pindo la vidole vinne la kufumua: poleni sana. Na mimi nawaomba radhi kwa Jumatano ile. Nilikuwa na swali zuri, nikaliacha likajibiwa na mtu asiyeulizwa.

Wasikilizaji wapendwa, vitamini D si adui. Mwenye ini bovu akipimwa na kukutwa imepungua, apewe, akae juani, mifupa yake ifurahi. Dawa ya ini ni nyingine, na hiyo haiachwi. Ambaye hajapimwa, kliniki iko wazi Jumanne na Ijumaa. Na najua mpo huko, mlionunua chupa mkaficha vidonge, kwenye bati, kwenye kibweta, chini ya mchele. Sitaweka wimbo sasa hivi. Nitanyamaza hapa dakika moja nzima, meneja apende asipende. Inuka, kavitoe, umeze. Nakusubiri.